Uzi: Cuivreux, cuivrique, cuivre(II)… watoto wa Exetat tuwafundishe majina gani ya ioni za metali?

#1 YayaKamalondo

Salamu kwenu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo.

Jioni huwa nakaa na kikundi cha finalisti wa chimie-biologie hapa Kamalondo, tunapitia maswali ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo. Sasa tumekwama kwenye majina ya ioni za metali. Somo lenyewe halina ugumu, ila kila mtoto anakuja na daftari lake na kila daftari linasema lake. Kwa shaba (cuivre kwa Kifaransa), shule hii wanaandika "ion cuivrique", shule ile "ion cuivre(II)", nyingine wanachora Cu²⁺ na kupita. Kuna binti aliandika "ion zinc(II)", mwalimu akamkata alama. Mwenzake wa shule ya jirani aliandika hivyohivyo, akapewa zote.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwa nini chuma na shaba vinabebeshwa namba ya Kirumi, na zinki na sodiamu haviibebi? Nataka sababu, orodha ya kukariri wanayo tayari. Pili, Cu₂O. Ukiwauliza ni oksidi ya shaba ngapi, darasa zima linapaza sauti "mbili!" kwa kuwa wameiona 2 pale chini. Ninyi mnalivunjaje hilo? Na haya majina ya -eux na -ique, tuyazike au bado yana kazi?

Mnijibu kama mnamjibu mtu anayekwenda kusimama mbele ya watoto kesho.

#2 Bukari_Moto

Yaya, mie chimie nilikimbiaka zamani, njo maana leo niko natengeneza simu na radio pa commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Lakini nabakia hapa, niko nasoma. Muzee wa Shituru atakuya tu, mutaona.

#3 Poly_Kasapa

Yaya, naanza na la kwanza, maana mengine yanafungukia hapo.

Ioni chanya ya metali ni atomu iliyopoteza elektroni. Swali ni ngapi inaweza kupoteza kwa bei ambayo mmenyuko wa kawaida unaimudu. Sodiamu ina elektroni moja tu nje. Kuing'oa kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Ukiitaka ya pili unaingia tabaka la ndani, na bei inaruka hadi 4,562. Hakuna klorini wala oksijeni itakayolipa hiyo. Kwa hiyo ni Na⁺ na habari imeisha: kusema "sodiamu(I)" hakuongezi kitu, kwa sababu hakuna sodiamu(II) ya kuichanganya nayo. Ndugu zake wote wa safu ya kwanza ni hivyohivyo, moja moja. Magnesiamu, kalsiamu na bariamu ni mbili. Alumini ni tatu.

Zinki inawadanganya watoto kwa sababu imekaa jirani na shaba kwenye jedwali. Mpangilio wa elektroni zake za nje ni 3d¹⁰4s², yaani kumi kwenye 3d na mbili kwenye 4s. Zile mbili za 4s zinatoka, inabaki 3d iliyojaa kumi, na elektroni ya tatu inataka 3,833. Haitoki. Zn²⁺ peke yake.

Chuma ni 3d⁶4s². Mbili za 4s zikitoka unapata Fe²⁺. Ya tatu iko kwenye 3d na bei yake ni 2,957, kubwa lakini inalipika, tena ikitoka inaacha 3d⁵, nusu kamili, mpangilio uliotulia. Hewa na maji vinatosha kukifikisha hapo. Kila bati la nyumba lililoota kutu ni ushahidi. Kwa hiyo Fe²⁺ ipo na Fe³⁺ ipo, zote za kila siku, na ukisema "ioni ya chuma" bila namba hujamwambia mtu kitu.

Shaba ina kichekesho chake. Nje ina 3d¹⁰4s¹, kwa hiyo kwenye karatasi ungedhani Cu⁺ ndiyo mfalme, 3d imejaa, imetulia. Kwenye maji ni kinyume. Cu²⁺ ni ndogo na chaji yake ni kubwa, molekuli za maji zinaizunguka na kuishika kwa nguvu, na nishati inayotoka hapo inafidia elektroni ya pili. Cu⁺ ukiiacha peke yake majini inagawanyika: sehemu inarudi kuwa metali, sehemu inakuwa Cu²⁺. Ndiyo maana maji ya buluu tunayoyajua wote ni ya shaba(II).

Kuhusu yule binti: namba inaandikwa pale metali ina njia zaidi ya moja. "Zinc(II)" ni ziada isiyodhuru. Mimi nisingemkata.

#4 MuzeeWaShituru

Kijana wa Kasapa amesema vizuri. Mimi nimezeekea maabara ya kiwanda, Likasi, kwa hiyo niongeze ya kiwandani, maana watu wa karatasi wanadhani (II) na (III) ni mapambo.

Kobalti yetu ya Katanga, ile ya mawe ya juu yaliyooksidika, nyingi ni heterojeniti. Jiwe jeusi, kila mchimbaji analijua. Fomula yake CoO(OH). Fanya hesabu: oksijeni −2, OH −1, kobalti lazima iwe +3. Sasa mwagia asidi ya sulfuri. Malakiti iliyo kando yake, yenye shaba(II), inachemka povu na kuyeyuka mara moja. Jiwe jeusi linakutazama. Kobalti(III) haishuki kirahisi ndani ya maji ya asidi mpaka ipewe elektroni moja na kuwa kobalti(II). Ndiyo sababu viwanda vinatia gesi ya SO₂ au metabisulfiti ya sodiamu pamoja na asidi. Hata chuma(II) kilichomo humo kinasaidia: kinatoa elektroni, chenyewe kinakuwa chuma(III), na kobalti inashuka. Asiyetofautisha namba hizo mbili ataongeza asidi mchana kutwa na kulaumu asidi.

Endelea mbele. Shaba imetolewa, unataka kuondoa chuma kabla ya kugusa kobalti. Unatia chokaa. Chuma(III) kinaganda na kuzama pH, kipimo cha ukali wa asidi, ikikaribia 3. Chuma(II) kwenye pH hiyo bado kinaogelea. Kwa hiyo lazima kwanza kipulizwe hewa, kipoteze elektroni ya tatu. Kobalti(II) yenyewe inasubiri hadi karibu 8. Metali moja, namba mbili, na kazi nzima ya kusafisha inakaa kwenye tofauti hiyo.

Na kule kwenye mabwawa ya elektrolisi: chuma(III) kikifika katodi, bamba linalopokea shaba, kinanyakua elektroni iliyokuwa ya shaba, kinakuwa chuma(II), kinatembea hadi anodi, bamba la upande wa pili, kinarudi kuwa (III). Umeme unazunguka bure, na shaba haiongezeki. Ndiyo maana tulipima chuma chote, halafu tukapima chuma(II) peke yake kwa permanganati, na kutoa hiki kwenye kile.

Lakini majina! Sisi tulisema ferreux kwa chuma(II) na ferrique kwa chuma(III), na kazi ikaenda. Mwisho wa neno unausikia hata mashine zikinguruma. Leo mtoto anasema "fer deux, fer trois" kama anahesabu mikate. Mimi nabaki na yangu.

#5 Mwalimu_Katuba

Muzee, heshima zako, lakini hapo nakupinga mbele za watu.

-eux inasema "ile ndogo" na -ique inasema "ile kubwa". Haisemi ngapi. Cuivreux ni 1, cuivrique ni 2. Ferreux ni 2, ferrique ni 3. Stanneux, ya metali ya bati (étain, Sn), ni 2, na stannique ni 4. Kwa hiyo mtoto akisikia -ique atajibu 2, 3 au 4? Atakariri kila metali peke yake, na akisahau hana pa kushika. Halafu mletee manganizi, yenye II, III, IV, VI na VII. Miisho miwili itagawanywaje kwa watano?

Miisho hiyo ina umri. Mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walipotoa Ufaransa utaratibu wao wa majina ya kemia, asidi zenye oksijeni nyingi zilipewa -ique na zenye kidogo -eux. Elektroni haikuwa imejulikana, walihesabu oksijeni. Hata neno "ioni" lilikuja baadaye, mwaka 1834, kwa Faraday, pamoja na kationi na anioni. Namba ya Kirumi ndani ya mabano tuliletewa na Mjerumani Alfred Stock, mwaka 1919. Kinachoandikwa ndani ya mabano ni hali ya oksidisho, yaani atomu inahesabiwa kuwa imepoteza elektroni ngapi, na jina la metali linabaki lilivyo. Leo IUPAC, chombo cha kimataifa cha majina ya kemia, hakipendekezi tena -eux na -ique.

Hukumu yangu kwa Yaya: watoto WAANDIKE cuivre(II), na WATAMBUE cuivrique wakikutana nayo kwenye maswali ya zamani. Na uwaambie hakuna nafasi kati ya jina na mabano. "Fer (III)" yenye nafasi, hapana. Fer(III) imeshikana.

#6 FamasiaKadutu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Niko duka la dawa, na nasema -eux haitazikwa hivi karibuni, kwa sababu iko kwenye boksi. Vidonge vya chuma wanavyopewa kina mama wajawazito vimeandikwa "sulfate ferreux". Na si bahati kwamba ni ferreux. Utumbo unavuta chuma kikiwa Fe²⁺. Fe³⁺ ikitoka kwenye asidi ya tumbo na kuingia utumbo mdogo inaganda kirahisi, isipopata kitu cha kuishika. Ndiyo sababu tunashauri mtu ameze na maji ya limau au chungwa: vitamini C inasaidia kuirudisha (III) kuwa (II). Chai ya rangi inafanya kazi ya kuharibu, inakamata chuma.

Mteja hajui lolote kuhusu IUPAC, lakini mimi nikichanganya -eux na -ique nimeharibu.

#7 MuzeeWaShituru

Mama wa Kadutu, Mungu akuzidishie.

#8 Bukari_Moto

Ngojeni kwanza. Sie batu ba électronique tuko na ile maji ya kahawia ya kuchoreya circuit, inakulaka shaba yote penye haukufunika. Tunaitaka "perchlorure de fer". Iyo per- ni namba gani sasa? Haiko -eux, haiko -ique, haiko (II)!

#9 Poly_Kasapa

Bukari, hilo ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu mpaka sasa. Per- ni jina la zamani la biashara: kloridi yenye klorini nyingi. Ni FeCl₃, kloridi ya chuma(III). Na kwa nini inakula shaba? Chuma(III) kinataka elektroni moja kurudi (II), na shaba iko pale ina za kutoa:

2 FeCl₃ + Cu → 2 FeCl₂ + CuCl₂

Ukichukua kloridi ya chuma(II) ukaitumbukizia shaba, itakaa mpaka kesho bila kutokea kitu. Chuma kilekile, klorini ileile, tofauti ni namba. Unaona maji yako yanavyogeuka kijani ukishayatumia sana? Hiyo ni shaba(II) na chuma(II) vimejaa humo, nguvu ya (III) imekwisha.

Yaya, hili mpe Bukari aje kuwaonyesha watoto. Na upande wa pili ni rahisi zaidi: msumari safi wa chuma kwenye maji ya sulfati ya shaba. Msumari unavaa shaba nyekundu, na chuma kinachoingia majini ni chuma(II). Shaba(II) ina uwezo wa kuchukua elektroni mbili za chuma, ya tatu haiiwezi. Kwa hiyo chuma(III) kinakula shaba, na shaba(II) inakula chuma, lakini kinachobaki majini pande zote mbili ni chuma(II).

#10 Bukari_Moto

Kumbe niko mwana-kemia miaka yote na hakuna aliyenilipa!! Naikuya, Yaya. Ila watoto bavae gants, ile maji inachafuaka nguo mpaka mwisho wa dunia.

#11 Mwalimu_Katuba

Narudi kwa Cu₂O, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Kosa linatokana na macho: mtoto anaona 2, anaandika (II). Usimwambie "usifanye hivyo", maana atafanya. Mbadilishie mahali pa kuanzia. Aanze na yule asiyebadilika, yaani upande hasi. Oksijeni kwenye oksidi ni −2. Klorini kwenye kloridi ni −1. Sulfati ni −2, hidroksidi ni −1, karbonati ni −2. Hao ndio mashahidi. Metali inahukumiwa kwa ushahidi wao, haijitetei yenyewe.

Cu₂O: oksijeni moja, −2. Fomula nzima ni sifuri, kwa hiyo shaba zote pamoja ni +2. Ziko ngapi? Mbili. Kila moja +1. Shaba(I).

CuO: −2 upande huu, +2 upande ule, shaba ni moja. Shaba(II). Hapo mwache mtoto ashangae kidogo: penye 2 ni (I), pasipo na 2 ni (II).

Fe₂O₃: oksijeni tatu, −6. Chuma viwili, +6. Kila kimoja +3. Chuma(III).

SnCl₄: +4. PbO₂: +4, na wengi wataandika (II) kwa kukariri risasi. Fe(OH)₂ na Fe(OH)₃ mbele yao wazipange wenyewe, na ukiwa na soda kostiki na tahadhari, rangi zinaongea: chuma(II) kinatoa matope ya kijani chafu, chuma(III) kahawia ya kutu, shaba(II) buluu.

Halafu, na hili wengi hawalifanyi, wageuze. Wape jina waandike fomula. "Sulfati ya chuma(III)": 3 na 2, unavuka, Fe₂(SO₄)₃. Asiyeweza kurudi nyuma hajaelewa kwenda mbele.

#12 YayaKamalondo

Aksanti sana nyote. Mwalimu, hiyo ya mashahidi nimeichukua ilivyo.

Leo niliwapa malakiti, maana tunaiona mjini kila siku, wengine wanauza mikufu yake. Cu₂CO₃(OH)₂. Kulikuwa na kelele, kisha binti mmoja akaenda ubaoni: karbonati −2, hidroksidi mbili −2, jumla −4, shaba mbili, kila moja +2. Shaba(II). Wakapiga makofi. Kisha nikawapa kalkosini, Cu₂S, na wote walikuwa wameandika (I) kabla sijamaliza kuichora.

Lakini mtoto mmoja ameniuliza hivi: "Ile namba ya mabano ndiyo chaji ya ioni?" Nikataka kusema ndiyo, nikanyamaza kwanza. Ni ndiyo?

#13 Poly_Kasapa

Kwa ioni ya metali yenye atomu moja, ndiyo. Fe³⁺ ni chuma(III), Co²⁺ ni kobalti(II). Kwa wale wa Exetat inawatosha asilimia kubwa ya maswali.

Lakini kwa tafsiri yake halisi, hapana. Namba ya Stock ni hali ya oksidisho ya atomu moja moja, hesabu tunayoifanya kwa kugawa elektroni kwa kanuni. Chaji ni kitu kilichopo kweli kwenye ioni nzima. Vinaachana sehemu mbili wanazozijua.

Permanganati ya Muzee. Manganizi mle ni (VII). Je, kuna Mn⁷⁺ inayoogelea kwenye chupa? Haipo. Kilichopo ni MnO₄⁻, chenye chaji −1, na manganizi yake iko ndani imezungukwa na oksijeni nne. Vilevile kromi(VI): iko ndani ya dikromati, ambayo ni anioni. Kromi(III) ni kationi ya kawaida. Kromi(VI) ni sumu inayosababisha kansa na haitembei peke yake kama Cr⁶⁺. Mtoto akiandika "ion chrome(VI), Cr⁶⁺", hapo ndipo pa kumkata.

Ya pili ni zebaki(I). Si Hg⁺. Ni Hg₂²⁺, atomu mbili zimeshikana mkono, chaji ya jozi ni 2+, kila moja inahesabiwa +1. Jina linasema (I), chaji inasema 2+, na vyote viwili ni kweli. Ndiyo maana kalomeli inaandikwa Hg₂Cl₂, na ukirahisisha kuwa HgCl umepotosha.

Kuna njia ya tatu ya kuandika, ya Ewens na Bassett, ya mwaka 1949: ndani ya mabano unaweka chaji yenyewe kwa tarakimu za kawaida na alama. Fer(3+), dizebaki(2+). IUPAC wanazikubali zote mbili, ya Stock na hiyo. Kwa hiyo mtoto akikutana na fer(3+) asidhani ni kosa la chapa. Asichanganye tu: "fer(III+)" si ya huyu wala ya yule.

#14 MuzeeWaShituru

Tukiwa kwenye zebaki: huyo Stock mnayempigia makofi alivuta mvuke wa zebaki miaka mingi maabara bila kujua. Kichwa, kumbukumbu, vyote vikamsumbua, na mwaka 1926 akaandika kuwaonya wenzake juu ya hatari hiyo. Onyo hilo nalithamini kuliko mabano yake.

#15 Mwl_Kigoma

Habari za ng'ambo ya ziwa. Nimesoma uzi wote. Nina swali moja la pembeni. Tunaambiwa kobalti ya kwenu inaishia kwenye betri za simu. Ikifika huko inakuwa namba gani? Muzee amesema inatoka ardhini ikiwa (III), inashushwa kuwa (II).

#16 Poly_Kasapa

Karibu Mwalimu. Inapanda tena.

Magunia yanayoondoka Katanga kwa malori, mengi yana hidroksidi ya kobalti. Kwenye makaratasi wanaandika "hydroxyde de cobalt" bila namba, lakini ni Co(OH)₂, kobalti(II). Kwenye betri ya simu, upande chanya, nyingi za aina ya zamani zina LiCoO₂. Mashahidi wa Mwalimu wa Katuba: oksijeni mbili −4. Lithiamu haibadiliki, +1. Kobalti inabaki na +3. Kobalti(III).

Kwa hiyo tunatia SO₂ na metabisulfiti kuitoa (III) kuipeleka (II) ili iyeyuke, inasafishwa, inasafirishwa, halafu mtu wa upande mwingine wa dunia anaitia motoni na oksijeni na lithiamu na kuirudisha (III) ileile iliyokuwa nayo kwenye jiwe jeusi.

Na kuna oksidi ya katikati, Co₃O₄. Hapa wape watoto wenye kiburi: oksijeni nne −8, kobalti tatu, nane ikigawanywa kwa tatu haiishi. Hakuna kobalti(2.67). Ni kobalti(II) moja na kobalti(III) mbili kwenye fuwele moja: 2+3+3. Fe₃O₄, ile ya sumaku, ni hivyohivyo.

#17 Bukari_Moto

Nikatwe kichwa, nimeielewa. Sasa munipe moja ngumu, mie mwenyewe, bila kusaidiwa.

#18 MuzeeWaShituru

Chukua kalkopiriti. CuFeS₂. Sulfuri hapo ni −2.

#19 Bukari_Moto

Sulfuri mbili, −4. Shaba na chuma pamoja, +4. Shaba moja, chuma kimoja. Basi… 2 na 2? Shaba(II), chuma(II)?

Ao 1 na 3!

Muzee, ziko zote mbili!! Umenitega?

#20 MuzeeWaShituru

Sikukutega, umefika mwisho wa hesabu. Metali mbili zinazobadilika zikikaa fomula moja, jumla peke yake haikwambii nani kachukua nini. Lazima jiwe lenyewe liulizwe kwa vyombo. Waliolipima kwa spektroskopia ya Mössbauer, ambayo inatazama kiini cha chuma, walikuta chuma kinajionyesha kama (III). Kwa hiyo shaba ni (I), na kwa kawaida inaandikwa hivyo: shaba(I), chuma(III). Hata hapo elektroni kwenye jiwe lile zinagawiwa sana kati ya metali na sulfuri, namba ni makadirio yetu.

Yaya, hiyo wape wakishafaulu. Ikitokea kwenye swali la kuchagua jibu, watabishana na karatasi mpaka kengele ilie.